Wifi Moelagi na Jumamosi Tatu za Kuharibika

Wifi yangu Moelagi hajawahi kunipenda, na mimi sijawahi kumlazimisha. Miaka thelathini na moja nimeolewa na mdogo wake, Sosene, na hadi leo akija kwangu hapa Mangere, mtaa wetu wa ugenini, mbali na Samoa, anaanza kwa kupitisha kidole juu ya TV kutafuta vumbi. Akilikosa hasemi kitu. Akilipata ananiita, "Wifi Fuatino, hebu njoo uone," kwa sauti ya mtu aliyeokota maiti. Lakini ninayotaka kuwasimulia leo ni habari yake nzuri, tena naisimulia kwa mapenzi, kwa hiyo msinikatize.

Ana miaka sitini na nne. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini, akastaafu na mgongo mbovu na magoti mabovu zaidi, na sasa anaongoza akina mama wa kanisa letu. Amenyooka, hilo simnyimi. Akiazima bakuli analirudisha limejaa. Akikukosea, jambo ambalo anadai halijatokea, nasikia anaomba radhi. Halafu ni dada mkubwa, na kwetu Wasamoa dada wa mtu ana cheo chake. Kaka anaweza kuwa chifu, anaweza kuwa mchungaji, lakini dada akisema hapana, basi ni hapana.

Mume wangu yeye anaendesha foklifti, mashine ya kuinua mizigo, kwenye ghala la vitunguu. Mungu alimnyima kimo akampa sauti, sauti nene ya kutikisa vikombe kabatini. Kanisani ndiye anayeimba besi. Siku moja alisoma Maandiko msibani, na miongoni mwa waombolezaji alikuwapo mwanamama wa Kimaori, wenyeji wa nchi hii, aitwaye Ngaire, mwenye studio ndogo kule Onehunga, juu ya duka la matairi. Anatengeneza magemu, yale ya hadithi ndefu, unacheza wiki nzima ndipo ujue mwisho. Akamfuata mume wangu kwenye foleni ya chakula.

"Mjomba," akamwambia, "nina mtu mwovu sana anatafuta sauti."

Nilidhani anatutukana. Kumbe ni kazi.

Adui wa gemu lile anaitwa Kolvan, mkuu wa bandari katika mji ambao haupo popote duniani. Anafunga watu wasio na kosa, anauza chakula cha maskini, halafu unamkuta jioni anamchana nywele binti yake mgonjwa na unamwonea huruma, huku unajichukia kwa kumwonea huruma. Sosene alimpenda mtu huyo kupita kiasi. Miaka minne alifanya mazoezi bafuni. Sijui nimegonga mlango mara ngapi, "Kolvan, toka humo, watu tunataka kuoga!" Na yeye anajibu kwa sauti ya Kolvan, "Kila mtu atapata zamu yake, mama." Mimi nje nacheka, kibofu kinaniuma.

Nawaambia ukweli, sijawahi kumwona na furaha kama ile. Mtu ameamka saa kumi na moja ya alfajiri maisha yake yote kwenda kupanga magunia ya vitunguu, leo kuna watu wamekaa nyuma ya kioo na hedifoni masikioni wanamsikiliza yeye.

Sasa, mwisho wa hadithi Ngaire aliuandika hivi: stelingi anampiga Kolvan risasi, mchezo umekwisha. Sosene akasoma, akaweka karatasi chini.

"Huyu kwetu hapigwi risasi," akasema.

"Kwenu anafanywa nini?"

Akamweleza. Kwetu mtu akiua, jamaa zake wanakwenda kabla jua halijachomoza hadi mlangoni kwa waliofiwa. Wanapiga magoti uani, wanajifunika mkeka mwororo wa ukoo, na wanangoja. Ndiyo ifoga. Wenye msiba wana haki ya kuwapiga mawe, kuwachoma moto, kuwaacha hapo jua liwakaushe. Au wanatoka na kuuondoa mkeka, na hapo uadui umekufa. Aliye chini ya mkeka hana la kufanya ila kungoja.

Ngaire akaenda kuandika upya wiki nzima. Akamweka Kolvan chini ya mkeka, na pembeni yake akamweka stelingi mwenyewe, yaani wewe unayecheza, kwa sababu hadi ufike hapo na wewe mikono yako imeshachafuka. Unapiga magoti, skrini inakuwa giza, na kwa dakika kumi na moja kazi yako ni kutobonyeza kitu. Ukigusa kitufe kimoja tu, umesimama, na mlango ule haufunguki tena.

"Kolvan atasema nini akiwa chini?" Ngaire akamuuliza mume wangu. "Sema la kwenu."

Na hapo ndipo bwana huyu alipofanya kosa. Alisema maneno ya baba yake.

Mwaka wa sitini na nne, kule kijijini kwao, kisiwani Savaii huko Samoa, kaka yao mkubwa alimgonga mtoto wa kijiji cha jirani kwa lori, mtoto akafa. Baba yao alikwenda kujifunika mkeka pamoja na ndugu zake wawili. Sosene alikuwa bado ananyonya. Maneno aliyoyasema mzee siku ile yamekuwa mali ya ukoo: "Mkono uliomuua mwanenu nimeulea mimi. Mkiukata, kateni na wangu." Moelagi huyasema kwenye kila msiba na kila harusi, amesimama, kidevu juu, mpaka wanaume wazima wanajifuta macho. Na maneno ya namna hiyo hayatoki nje ya ukoo bila dada kuulizwa. Sosene analijua hilo tangu utotoni. Hakuuliza. Nilipomwuliza kwa nini, akaniambia, "Niliogopa atakataa." Mh! Mwanamume wa miaka hamsini na tatu.

Jumapili moja baada ya ibada, tuko kwenye chai, vijana wamezunguka simu wanaangalia kionjo cha gemu jipya. Moelagi anapita na sinia la panikeke, maandazi ya kwetu. Simu ikanguruma kwa sauti ya mdogo wake, ikitoka kinywani mwa jambazi mwenye koti refu jeusi: "Mkono uliomuua mwanenu nimeulea mimi…"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliliweka sinia mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akaondoka. Wiki mbili zikapita hajamsemesha mdogo wake. Akipiga simu na Sosene akapokea, anasema, "Nipe mke wako." Kisha ananiambia mimi ya kumwambia yeye, aliyesimama pale pale akisikia: "Mwambie amemvika marehemu baba koti la mwizi. Mwambie mkeka si mdoli wa watoto."

Sosene akaacha kula. Akamwendea Ngaire, akamwambia, "Dada akisema hapana, toa mkeka, toa maneno, na sauti yangu yote itoe. Siwezi kubaki ndani ya kitu alichokikataa." Gemu linatakiwa kutoka mwisho wa mwezi! Mimi ningemwambia aende zake, lakini Ngaire ni mtu wa utu, alikunja mikono ya shati akaja hadi nyumbani kwa Moelagi, akakaa chini kwenye mkeka kama mtu aliyelelewa vizuri, akaeleza yote.

Wifi akamsikiliza hadi mwisho. "Sihukumu nisichokiona," akasema. "Nitalicheza lote. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nikimaliza nitasema ndiyo au hapana."

"Mama, ni saa nyingi."

"Nimefua mashuka miaka thelathini. Unanitisha na saa?"

Basi Jumamosi ya kwanza akafika sebuleni kwangu, akapitisha kidole juu ya TV, akakaa, akasali. Alisali kweli, sala ndefu, akamwomba Mungu amlinde na uovu utakaoonekana kwenye skrini hii. Kisha akashika ile rimoti ya vitufe kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Yeye kwenye gemu ni karani mpya wa bandari. Kabla ya saa sita karani huyo alikuwa ametumbukia baharini mara tisa. "Nani ameiweka bahari hapa?" akafoka. Pale getini kuna mama mmoja, Bi Resha, muuza supu, kila asubuhi anamgawia karani bakuli bila kudai kitu, na wifi alikuwa anamjibu kwa sauti kabisa, "Asante, mama, Mungu akubariki." Nilikuwa nafa kwa kicheko, nimejiziba kwa kanga ya jikoni.

Uzuri wa gemu lile, au ubaya wake, hakuna mahali palipoandikwa hili jema na hili baya. Binamu wa karani amekuja kukimbilia meli, ana homa, na wenye homa hawaruhusiwi kupanda. Unaandika jina lake au huandiki?

Wifi hakusita hata kidogo. Akamwandika mzima.

"Wifi," nikasema, "umedanganya."

"Sijadanganya. Nimenyamaza. Ni binamu!"

Ghalani mna mchele wa msaada, na nyumbani kwa karani kuna msiba, wageni mia mbili, chungu kitupu. Kubonyeza hiki, kubonyeza kile, magunia sita yakatoka.

"Wifi, huo ni wizi."

"Nimesogeza," akanijibu, hajanigeuzia hata shingo. "Ulitaka wageni walale na njaa? Wewe ulilelewa wapi?"

Nikaenda jikoni kukoroga koko, kakao yetu ya moto. Kusema kweli, pale msibani hata mimi ningesogeza.

Jumamosi ya pili alifika saa moja asubuhi, sisi bado na nguo za kulalia, yeye na keki mkononi. Hakutafuta vumbi. "Washa," akasema. Sosene hakuweza kukaa mle ndani. Alitoka na mashine akakata majani ya uwanja wetu, akamaliza, akakata ya jirani.

Siku ile Kolvan alianza kumwita karani ofisini na kumsifu. Jamani, mtu anasifiwa na mdogo wake kupitia TV na anatabasamu! "Huyu bwana si mbaya sana," akaniambia. "Ana majukumu."  Wiki nne nyuma bwana huyo alikuwa jambazi wa koti jeusi.

Kisha wakaja wakaguzi kuuliza mchele umekwenda wapi. Karani anaweza kusema ni yeye. Anaweza kusema hajui, na familia yote ifukuzwe nyumba ya bandari. Au anaweza kumtaja mlinzi wa ghala, Ondrel, kijana mpole anayepiga filimbi, mtoto wa pekee wa Bi Resha wa supu.

 Nje mashine ya majani inanguruma.

"Ondrel hana watoto," wifi akasema, kama anayejadiliana na mtu. "Hana wa kumlisha. Atakaa miezi miwili atatoka. Mimi nina watu wanane ndani ya nyumba."

"Wewe una paka," nikamwambia.

"Nyamaza, Fuatino!"

Akabonyeza jina la Ondrel, haraka. Asubuhi iliyofuata kwenye gemu karani alipita getini, na Bi Resha akampa supu kama kawaida, maana hajui. Wifi hakumjibu. Akaniambia tumalizie hapo, mgongo unamuuma. Keki hakuigusa.

Wiki ile alinipigia simu mara tatu. Si kwa ajili ya Sosene. Mara ya kwanza aliniuliza kama nadhani gerezani mle wanapewa mablanketi. Nikamwambia, "Wifi, ni gemu." Akasema anajua ni gemu, nisimfanye mtoto, akakata.

Jumamosi ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ngaire alikuja kusikia hukumu, akakaa kwenye kiti cha pembeni akitafuna kucha. Sosene naye safari hii alikaa ndani, mlangoni, mikono magotini.

Haikuchukua nusu saa. Karani anapita getini, hakuna supu. Chungu kimegeuzwa kichwa chini. Ondrel amekufa kwa homa gerezani, homa iliyorudi mjini na ile meli ya binamu, na wifi alijua ni nani aliyeipandisha humo.

Akaiweka rimoti mapajani. "Nirudishe nyuma," akasema.

Akageuka kwenye kiti cha pembeni.

"Ngaire, nirudishe nyuma, pale kwa wakaguzi. Nitasema ni mimi."

"Mama, gemu hili halina kurudi nyuma," Ngaire akasema kwa upole. "Tulilitengeneza hivyo."

"Basi mlilitengeneza vibaya!" Alipaza sauti mpaka jirani akafungua dirisha. "Mimi si mtu wa namna hii! Muulizeni yeyote kanisani! Mimi si mtu wa namna hii!"

Nikataka kumtania kama kawaida yangu, mdomo ukakataa. Nilimwonea huruma, na si kidogo.

Kwenye skrini akaja Kolvan, amevua koti, mzee tu mwenye mabega yaliyoshuka. Akasema kwa sauti ya mume wangu, "Nilijua tutakutana hapa. Mimi pia nilianza na mchele wa msiba." Akasema iko meli usiku huu, wanaweza kuondoka wote wawili, hakuna atakayejua. Au upo mlango wa Bi Resha.

Wifi alifuta uso kwa kiganja. "Twende mlangoni, ewe mshenzi," akamwambia.

Wakapiga magoti uani, mkeka ukawafunika, skrini ikawa giza lenye vitundu vidogo vya mwanga. Ndipo Kolvan akayasema yale maneno, kwa sauti ile nene ya besi, kishujaa: "Mkono uliomuua mwanenu nimeulea mimi. Mkiukata, kateni na wangu." Nikamwona Sosene anafumba macho, anangoja dada yake alipuke.

Hakulipuka. Aliiweka rimoti mbali kabisa, kule kwenye zulia, asije akaigusa kwa bahati mbaya. Kisha akashuka kwenye kochi. Magoti yale ambayo hayawezi kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono yakashuka moja moja hadi chini. Akavuta kitambaa cha meza yangu, cha maua, vikombe vikaanguka, akajifunika kichwa na mabega, akainama.

Dakika kumi na moja ni nyingi, jamani. Jogoo anawika ndani ya TV. Mvua nje. Nyayo zinakuja, zinasimama, zinarudi. Mlango unafunguka, unafungwa. Ngaire aliniambia baadaye kwamba mafundi wake wa kompyuta walimsihi apunguze iwe dakika mbili, watu watadhani mashine imekwama.

Mwishoni nyayo zikaja hadi karibu kabisa, na mkeka ukainuliwa. Skrini ikajaa mwanga, na Bi Resha amesimama pale, hasemi neno, kwa kuwa Ngaire hakumwandikia neno lolote. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda, na la Sosene Taliaoa limo.

Ila wifi hakuona. Yuko chini ya kitambaa, ameinama, anangoja. Hana habari kwamba amefunguliwa. Tukatazamana. Mimi nani nimguse? Ngaire ni mgeni. Ikabidi Sosene atambae kwa magoti kutoka mlangoni hadi pale, na kwa mikono ile ya kubeba vitunguu akakiinua kitambaa kutoka kichwani kwa dada yake.

Nywele zimemvurugika, uso umelowa. "Amenifungulia?" akauliza.

"Amekufungulia, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza wanasemeshana baada ya wiki tano. Wifi akamshika mkono, akabaki ameketi zuliani.

"Maneno yale umeyasema vibaya," akasema.

"Nisamehe, dada. Sikupaswa kuyatumia…"

"Sijasema hivyo. Nimesema umeyasema vibaya. Umeyasema kama nilivyowafundisha mimi." Akavuta pumzi. "Siku ile nilimfuata baba gizani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikajipenyeza chini ya mkeka, ubavuni kwake. Hakuwaambia wenye msiba neno lolote, Sosene. Alikuwa anajisemea mwenyewe, kwa kunong'ona, anarudia, anarudia, meno yanagongana. Alijikojolea. Baba yetu aliogopa, na hakusimama. Wale wengine wote wamekufa, nimebaki mimi ninayejua. Nikawapambia ninyi wadogo zangu baba shujaa, maana sikutaka mumwonee aibu."

Sosene alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, sifichi.

"Sasa mnaonaje?" Ngaire akauliza kwa sauti ndogo. "Tuyatoe?"

"Nani amesema myatoe?" Wifi akamkata jicho. "Yarudiwe."

Jumatatu Sosene aliomba ruhusa ghalani. Wifi hakukubali kukaa nyuma ya kioo pamoja na sisi wengine. Aliingia naye kwenye kile chumba kidogo, akaagiza kiti kitolewe, akakaa chini sakafuni, na mdogo wake ubavuni, na kipaza sauti wakakishusha hadi usawa wa midomo. Alimshika mkono juu ya kiwiko. Mara ya kwanza akasema hapana. Mara ya pili hapana. Mara ya tatu alimwinamia sikioni akamnong'oneza kitu ambacho hakijanaswa na mashine, na Sosene mpaka leo hajaniambia.

Mara ya nne sauti ile ya kutikisa vikombe haikuwepo. Ilitoka sauti ya mtu mwenye baridi, mtu wa kawaida tu, hajui kama mlango utafunguka. Alirudia maneno yale mara tano, sita, yakawa yanakatika katikati.

"Hivyo," wifi akasema. "Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa."

Akanyoosha mkono ili nimsaidie kuinuka, mimi, si mwingine, nami nikaingia nikamwinua.